Ukanda wa Watoto Watulivu

Umeme ulikatika saa nne na dakika ishirini asubuhi, mashine ya kuchonga ikiwa bado ndani ya jino la Atupele.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili mfululizo juu ya milima ya chai, na paneli za jua za kliniki ya Lubiga zilikuwa zimechoka. Taa ikazima. Mashine ikanyamaza. Ukanda uliozunguka kichwa cha Atupele, ule wenye taa ndogo ya kijani juu ya nyusi, nao ukazima.

Ndipo mtoto akapiga kelele.

Tumpe Mwakibete alikuwa tabibu wa meno kwa miaka kumi na minne, na alikuwa amesikia vilio vya watoto vya kila aina. Mtoto anayeshtuka huvuta pumzi kwanza, kisha hulia. Mtoto anayeumia hulia, kisha kilio hupanda. Atupele hakuvuta pumzi, wala kilio chake hakikupanda. Sauti ilitoka ikiwa imeshafika juu kabisa, imekwaruza, kama sauti ya mtu aliyekuwa akilia muda mrefu nyuma ya mlango, kisha mlango ukafunguliwa.

Edina, muuguzi wake, aliangusha trei.

"Tumpe," alisema. "Huyu hakuanza kulia sasa hivi."

Tumpe alikuwa amemkumbatia binti yake, naye binti yake alikuwa anamsukuma kwa mikono yote miwili. Atupele alikuwa na umri wa miaka tisa na maneno yasiyozidi thelathini. Alilitumia moja tu, mara nyingi, akimtazama mama yake kwa macho ambayo Tumpe hakuwahi kuyaona kwake.

"Bado? Mama, bado? Bado?"

Saa ya ukutani, yenye betri yake yenyewe, ilionyesha kwamba walikuwa wamechonga kwa dakika kumi na moja.

Kabla ya ukanda, mtoto mwenye ulemavu wa akili aliyeumwa jino huko Lubiga alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kungoja dawa ya usingizi katika hospitali kubwa, safari ya siku nzima, na foleni ya miezi minane. Ya pili ilikuwa watu wazima wanne kumshika mikono, miguu na kichwa. Tumpe alikuwa amewahi kushika. Kuna mama mmoja alimwambia wakati ule, "Tabibu, afadhali jino limuue kuliko nyinyi."

Ukanda ulipoletwa, Tumpe alilia kwa furaha. Ulivikwa kichwani, ukawashwa, na katika muda wa kuhesabu hadi sita mtoto alilegea. Mdomo ulifunguka wenyewe. Uso ukawa mtulivu, na mapigo ya moyo kwenye skrini yakatembea polepole kama ya mtu aliyelala. Hakuna sindano ya ganzi, hakuna kushikana mieleka. Kijitabu kilisema ukanda unatuliza ubongo wote, maumivu na hofu kwa pamoja. Kwa miaka mitatu Tumpe aliwaeleza hivyo akina mama, mmoja mmoja, akiwashika mabega. Wengine walisema mtoto amekuwa mkali nyumbani siku hizi, anajing'ata mikono, hataki kuguswa uso. Tumpe aliwajibu kwamba ni umri. Na watoto wengine walipotokwa na machozi wakiwa kwenye kiti, aliyafuta kwa pamba na kusema ni mwanga wa taa.

Jioni ile aliandika barua kwa Taasisi ya Utulivu, iliyousambaza ukanda. Jibu halikuja kwa barua. Kesho yake mchana skrini ya ofisi iliwaka yenyewe, na ndani yake akatokea Profesa Sixbert Nyoni, mtu aliyeubuni ukanda, akiwa na miwani yake myembamba na kiganja kimeegemea shavu la kushoto.

"Mama Atupele," alisema kwa upole. "Pole sana kwa mtoto. Nimesoma barua yako mara mbili."

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Sasa, ule ulikuwa mshtuko wa kawaida. Taa imezima ghafla, mtoto ameogopa."

"Profesa, nimewaona watoto wakiogopa. Yule alikuwa katikati ya maumivu. Nataka kujua ukanda unazima nini. Unazima maumivu, au unazima mwili tu?"

Profesa akatabasamu kama mtu anayemsamehe mwanafunzi.

"Tuseme, kwa mjadala tu, kwamba kuna hisia fulani inabaki. Hawa watoto wako hawakumbuki, mama. Hawabebi kitu mpaka kesho yake. Wewe na mimi tukiumizwa tunaumia mara mbili, siku yenyewe na siku za kukumbuka. Wao wanaumia mara moja tu, na wanapona jino. Ungependa turudi kule kwa mtoto kushikwa na watu wanne?"

Tumpe aliitazama ile sura. Katika chumba cha pili, Atupele alikuwa amekaa chini ya meza tangu asubuhi. Hakula. Kila Tumpe alipoingia na koti jeupe, mtoto alifunika mdomo kwa viganja viwili. Huyo ndiye asiyekumbuka.

"Nimekuelewa, Profesa," alisema.

"Nilijua utaelewa. Na nina ombi. Ijumaa ya wiki ijayo tunauzindua ukanda kwa nchi nzima, na tumechagua Lubiga kwa sababu kazi yako ni safi kuliko ya wote. Nitakaa kwenye kiti mimi mwenyewe, mbele ya wageni." Aligusa lile shavu. "Gego limeoza kweli, linaninyima raha mwezi mzima. Utanichonga wewe."

Hapo ndipo jambo lilipoingia moyoni mwa Tumpe, na likakaa.

Edina alilipinga tangu dakika ya kwanza aliyoambiwa.

"Waite akina mama leo," alisema. "Leo hii. Waambie."

"Nitawaambia nini? Kwamba mtoto wangu alilia? Taasisi itasema nimechanganyikiwa kwa uchungu wa mwana. Nitahamishwa, ataletwa mwingine, ukanda utabaki."

"Utakuwa umesema."

"Sitaki kusema, Edina. Namtaka yeye kwenye kiti kile."

Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka tisa. "Basi usinidanganye kwamba ni kwa ajili ya watoto," Edina alisema, akaondoka kwenda kuchemsha vifaa.

Siku zilizofuata Tumpe aliwahudumia watoto waliokuja kwa namna yake. Aliwavika ukanda, kisha kabla ya kuchonga aliwachoma sindano ya ganzi, akaandika kwenye daftari kwamba hakuna dawa iliyotumika. Alijiambia kwamba hakuna mtoto anayeumia tena Lubiga. Lakini Jumatatu Taasisi ilimwita makao yake makuu kwa siku mbili, kufanyia mazoezi sherehe: asimame wapi, ageuke lini, aseme nini. Nafasi yake ilishikwa na tabibu kijana kutoka wilaya ya jirani, aliyekuwa akiamini kijitabu. Tumpe angeweza kuwapigia simu akina mama wa Jumanne na kuwaambia wasije. Alishika simu mara mbili. Kuahirisha watoto siku tatu kabla ya uzinduzi kungeulizwa, na Profesa angeshtuka. Aliiweka simu mezani.

Jumanne mchana Edina alimpigia.

"Wamekaa wanne kitini," alisema. Akakata simu.

Ijumaa ilikuja na jua kali. Ua wa shule maalumu ya Lubiga ulitandikwa mazulia, mahema yakasimamishwa, na kiti cha matibabu kikahamishwa kutoka kliniki na kuwekwa jukwaani na skrini yake kubwa. Mgeni rasmi alikuwa mama mnene mcheshi kutoka serikalini, aliyewasalimia watoto kwa majina yaliyokuwa yameandikwa vifuani mwao. Akina mama walikaa nyuma kwenye mabenchi. Watoto sita waliovalishwa sare mpya walipangwa pembeni ya jukwaa. Hao ndio wangefuata baada ya Profesa.

Nyuma ya jukwaa kulikuwa na chumba cha walimu kilichogeuzwa chumba cha maandalizi. Profesa aliingia humo peke yake, akafunga mlango.

"Tabibu," alisema kwa sauti ya chini, "nichome ganzi kwanza. Kamili. Kimya kimya, kisha tutoke."

Tumpe aliuhisi moyo wake ukigonga mara moja, kwa nguvu, kisha ukatulia kabisa.

"Ganzi ya nini, Profesa? Ukanda si unatuliza?"

"Usinichezee, mama. Mimi na wewe ni watu wa taaluma. Kuna kipande cha pili kilichotakiwa kuwekwa ndani, cha kuzima maumivu. Kingechelewesha kazi miaka minne. Watoto wangapi wangeoza meno miaka minne? Niliamua. Mtu lazima aamue. Haya, nichome."

Alikuwa ameshakaa na kufungua mdomo. Pumzi yake ilinuka ule usaha wa jino lililokaa sana.

Tumpe aligeukia trei. Edina alikuwa amesimama pale. Kulikuwa na chupa mbili ndogo, zinazofanana kwa ukubwa: moja ya ganzi, moja ya maji ya chumvi ya kusafishia vidonda. Mkono wa Tumpe ulikwenda kwenye ile ya pili.

"Hayo siyo," Edina alinong'ona.

"Najua."

"Tumpe. Ulikula kiapo."

"Na yeye alikula."

Alimchoma polepole, kwa ustadi, mahali hasa panapostahili. Profesa alifumba macho na kushukuru kwa kichwa. Tumpe alijua kwamba anachofanya kina jina, na jina hilo lipo katika sheria za taaluma yake, na adhabu yake ipo. Alijua pia kwamba angeweza kutoka nje sasa hivi na kutangaza aliyoyasikia. Profesa angekana, na wale watoto sita wangepanda kitini mmoja mmoja. Lakini hata hilo hakulipima sana. Ukweli ni kwamba mkono wake ulikuwa umeamua siku nyingi, na ulikuwa mtulivu kuliko siku zote.

Walitoka kwa makofi. Profesa alizungumza kidogo, akawachekesha watu, akakaa. Fundi wa sauti alizima kinasasauti kilichobanwa kwenye kola yake, mashine isije ikavuma kwenye spika. Tumpe akamvika ukanda. Taa ya kijani ikawaka. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Mabega ya Profesa yakalegea, mdomo ukafunguka, uso ukawa mtulivu.

"Kama mnavyoona," Tumpe aliwaambia wageni, kama alivyofundishwa, "mgonjwa ametulia kabisa."

Skrini kubwa ilionyesha mapigo sitini na mawili. Watu wakaguna kwa kustaajabu. Tumpe aliinama kama anayetazama jino, midomo karibu na sikio la Profesa.

"Najua unanisikia," alisema. "Ile sindano ilikuwa maji ya chumvi."

Sitini na mawili. Uso haukubadilika. Ni macho tu yaliyosimama.

"Atupele wangu alikaa dakika kumi na moja. Nitakupa hizo hizo, wala sitazidisha."

Akawasha mashine.

Lilikuwa jino lililooza kweli, na alilitibu kweli. Hakuharibu kitu, hakuchonga pasipotakiwa. Aliondoa uozo wa juu, akaingia ndani zaidi, akalifikia tundu la mshipa, palipo hai. Aliyafanya yote kama alivyowafanyia watoto kwa miaka mitatu, kwa utaratibu uleule, kwa kasi ileile, na kila alipojua kwamba sasa hapa panachoma mpaka utosini, alisema moyoni jina la mtoto. Alikuwa na majina mengi. Aliona ajabu kwamba hakumwonea huruma. Alikuwa amedhani atamwonea huruma dakika ya pili au ya tatu. Dakika ya sita chozi lilitoka kwenye jicho la kulia la Profesa, likashuka kuelekea sikioni. Edina alinyoosha pamba.

"Ni mwanga wa taa," Tumpe alisema kwa sauti, wageni wasikie. Akalifuta mwenyewe.

Dakika ya tisa jasho lilikuwa limelowesha shati lote la Profesa mgongoni, na hakuna aliyeliona isipokuwa wao wawili. Dakika ya kumi na moja Tumpe aliziba jino, akalisawazisha, akazima mashine. Kisha akazima ukanda.

Alikuwa ametegemea kilio. Alikuwa amekingoja siku kumi na moja, kilio kile cha Atupele, kitoke kwenye koo hili. Hakikutoka. Profesa alifunga mdomo. Akakaa akishika mikono ya kiti, vidole vimekakamaa, akivuta pumzi kwa pua. Fundi wa sauti akawasha kinasasauti.

"Profesa," mgeni rasmi aliuliza akicheka, "tuambie. Umesikia nini?"

Profesa alimtazama Tumpe. Tumpe aliona jinsi anavyopima: akisema ameumizwa, ukanda umekufa, akisema amechomwa maji badala ya ganzi, ataulizwa ganzi aliitaka ya nini.

"Sikusikia," alisema. "Sikusikia kitu chochote."

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Mgeni rasmi alisimama kabisa. Mwalimu mkuu alimshika mkono mtoto wa kwanza katika ule mstari, msichana mwenye nywele zilizosukwa upya, akaanza kumpandisha ngazi za jukwaa.

Tumpe alikuwa amempata mtu wake, amemfanyia alichotaka kumfanyia, na hakuna kilichobadilika hata kidogo. Mtu huyu alikuwa tayari kumeza hata hili. Na msichana yule alikuwa ngazi ya pili.

"Samahani, mheshimiwa," Tumpe alisema kwa nguvu. "Hatujamaliza na Profesa. Ana gego la pili, la juu, limetoboka. Dakika nane tu."

"Alaa! Basi malizia kabisa, Profesa," mgeni rasmi alisema, "uondoke Lubiga na kinywa kipya!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi ya kumhimiza. Tumpe aliuchukua ukanda kwa mikono miwili na kuuinua juu ya kichwa cha Profesa. Alikuwa hajawasha chochote. Kivuli cha ukanda tu ndicho kilichomfikia.

"Usinivike!"

Spika zote za uwanja zililirudia neno hilo. Profesa alikuwa amemdaka viwiko, amejikunja kitini, miwani imeanguka.

"Usinivike, mama, nakuomba! Unasikia yote mle ndani! Yote! Unapiga kelele na hakuna, hakuna..." Akaanza kulia, kwa sauti, kinasasauti kikiwa kinachukua kila kitu.

Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu mkuu alimvuta yule msichana akamrudisha chini. Mgeni rasmi alikaa polepole, mkono mdomoni. Kutoka mabenchi ya nyuma ulianza mguno mmoja, kisha mwingine, kadiri akina mama walivyoelewa, kila mmoja kwa wakati wake: yule aliyekumbuka mikono iliyong'atwa, yule aliyekumbuka mtoto asiyetaka kuguswa uso. Mmoja alipiga yowe kama la msibani. Tumpe alisimama na ukanda mkononi akiwasikiliza, na kwa muda mfupi ule furaha yake ilikuwa kamili. Hakuionea haya.

Kisha mwanamke mmoja akapanda jukwaani. Alikuwa Mama Ambokile, mchuma chai, mwembamba, mwenye kitenge cha bluu. Alimpita Profesa kama anavyopita kiti kitupu. Akasimama mbele ya Tumpe.

"Tabibu," alisema. "Wewe hukushtuka. Sisi wote tumeshtuka, wewe hukushtuka. Ulikuwa unajua?"

Edina, nyuma yao, aliinamisha kichwa.

"Nilikuwa najua," Tumpe alisema.

"Tangu lini?"

"Leo ni siku ya kumi na mbili."

Mama Ambokile alihesabu. Midomo yake ilisogea wakati anahesabu.

"Ambokile wangu alikaa hapo Jumanne," alisema. "Magego mawili. Nilimshika mkono mwenyewe. Nilikuwa namwambia kwamba akimaliza nitampa muwa. Ulikuwa na namba yangu, tabibu. Ipo kwenye daftari lako."

"Ipo."

"Kwa nini hukunipigia?"

Tumpe alitafuta jibu lolote kati ya yale aliyojipa yeye mwenyewe siku zile. Yote alikuwa anayajua kwa moyo. Hakuna hata moja lililoweza kusemwa mbele ya uso ule.

"Nilikuwa namtaka yeye," alisema.

Mama Ambokile aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa maelekezo ya njia na kuyaelewa. Akamtazama Profesa, ambaye wasaidizi wake walikuwa wakimnyanyua na kumshusha jukwaani, bado analia. Kiti kikabaki wazi.

"Kaa," alisema.

"Mama Ambokile," Edina aliingilia, "dada yangu, tafadhali..."

"Sijasema na wewe. Kaa, tabibu."

Tumpe alivua koti jeupe, akalikunja, akampa Edina. Akakaa. Ngozi ya kiti ilikuwa bado imelowa jasho la mtu mwingine. Chini, akina mama walikuwa wamesogea hadi ukingoni mwa jukwaa. Mama Ambokile alinyoosha mkono, Tumpe akamkabidhi ukanda. Mwanamke yule aliugeuza huku na huku kwa vidole vyake vilivyopasuka kwa chai, akatafuta mbele ni wapi na nyuma ni wapi.

"Unavaliwaje huu?" aliuliza.

Tumpe akamwonyesha.